SOMO LA LUGHA: Kiaislandi kwa Mtu Anayejua Kiswahili

Ukurasa huu wa masomo tumezoea kuujaza Kiingereza, na mara mojamoja Kifaransa kwa ajili ya watoto waliozaliwa huku ugenini. Leo tunaomba mtuvumilie, kwa maana tunakwenda mbali kidogo, mpaka kisiwa cha Aislandi, kaskazini kabisa mwa bahari ya Atlantiki.

Sababu ni hii. Dada mmoja wa kwaya yetu ana mume wake katika nchi hiyo, naye anangoja majibu ya kumfuata pamoja na watoto watatu. Alituletea karatasi za masomo ya Kiaislandi alizotumiwa na mumewe, akauliza kama mtu mzima anaweza kuijua lugha hii au ni ya watoto peke yao. Tulikaa na karatasi hizo jioni nyingi, tukaona kwamba swali lake linastahili kujibiwa mbele ya wote. Aislandi ni nchi ndogo, watu wake hawajafika laki nne, lakini imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwaka 1956, ilipowachukua Wahungaria waliokimbia nchi yao. Na hata msomaji ambaye hatakwenda huko kamwe, atapata faida ya kuiona sarufi ya Kiswahili chake kwa upande wa pili.

Wengine watasema: huko watu wanajua Kiingereza, ya nini kuhangaika? Ni kweli, Waaislandi wengi wanakijua Kiingereza vizuri, na dukani hutakwama. Lakini barua ya shule, mkutano wa kazini, na mazungumzo ya jirani na jirani ni Kiaislandi. Sheria ya mwaka 2011 inakitaja kuwa ndiyo lugha ya taifa na lugha rasmi, na anayeomba uraia hutakiwa kufaulu mtihani wake. Tena kuna jambo ambalo tumeliona katika familia nyingi zilizosafiri kwenda nchi mbalimbali: mtoto anaijua lugha kwa miezi michache, mama anabaki nyuma, na siku ya kwenda kwa daktari ni mtoto wa miaka tisa anayetafsiri ugonjwa wa mama yake. Hilo si jambo dogo. Kuna maneno ambayo mama hawezi kuyapitisha katika kinywa cha mwanawe.

SAUTI ZAKE

Kiaislandi kina herufi mbili ambazo huwatisha Wazungu wengi, nazo ni þ na ð. Sisi zisitutishe. Þ ni th ya neno "thamani", na ð ni dh ya neno "dhahabu". Basi! Tatizo ni kwamba sisi tuliotoka Kivu tumezoea kusema "samani" na "zahabu", na wenzetu wa pwani hutucheka kwa ajili hiyo. Huko haitakuwa kucheka tu, kwa maana þú ni "wewe", lakini ukisema sú umesema neno jingine, lenye maana ya "yule" kwa jinsia ya kike. Ulimi utoke kidogo katikati ya meno.

Á hutamkwa "au", æ hutamkwa "ai", é hutamkwa "ye", na j ni y yetu ya "yai". Ö haipo kwetu: viringisha midomo kama unayetaka kusema "o", kisha useme "e". Herufi ll mara nyingi husikika kama "tl", kwa hiyo jina Páll, yaani Paulo, utalisikia karibu na "Pautl".

Mkazo ndio utakaotusaliti zaidi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiaislandi huuweka kwenye silabi ya kwanza ya neno. Neno kennari, yaani mwalimu, ulimi wetu utataka kusema ken-NA-ri. Wao husema KEN-na-ri. Mwenye kusoma na asome kwa sauti, tena mbele ya mtu.

NGELI TATU TU

Sasa tuingie katika sarufi yenyewe. Mzungumzaji wa Kiingereza akianza Kiaislandi hulalamika sana kwamba kila nomino ina jinsia, na kila neno linaloambatana nayo lazima lifuate. Ndugu zangu, hii ni ngeli! Tangu utotoni tunasema mtu mzuri, kitabu kizuri, gari zuri, nyumba nzuri, wala hatukuona kwamba ni mzigo. Na wanaozungumza Kibembe, Kifuliiru au Kirundi nyumbani wanazo ngeli vivyo hivyo. Kiaislandi kina ngeli tatu tu: ya kiume, ya kike, na ya kati. Anayemudu ngeli zote za Kiswahili anashindwaje na tatu?

Angalia: góður maður ni mtu mwema, góð kona ni mwanamke mwema, gott barn ni mtoto mwema. Wingi wake: góðir menn, góðar konur, góð börn. Kitu kilekile tunachokifanya mbele ya neno, wao wanakifanya mwishoni. Sisi tunabadilisha kichwa, wao wanabadilisha mkia. Ukilishika hilo, umeshika nusu ya somo.

Ngeli ya kiume si ya wanaume peke yao, wala ya kike si ya wanawake peke yao. Kiti (stóll) ni cha kiume, kitabu (bók) ni cha kike, meza (borð) ni ya kati. Usitafute sababu, kama vile hakuna anayetafuta kwa nini mti na mkate viko ngeli moja. Jifunze kila nomino pamoja na ngeli yake siku ileile unapokutana nayo. Dalili zipo: maneno mengi yanayoishia -ur au -i ni ya kiume, na mengi yanayoishia -a ni ya kike. Ni dalili tu, si sheria.

Neno la Kiingereza "the" kwao halisimami peke yake mbele ya nomino. Kwa kawaida hugandishwa mwishoni: hestur ni farasi fulani, hesturinn ni yule farasi tunayemjua. Kona, konan. Barn, barnið.

Na hapa kuna zawadi kwa Mswahili. Tunasema "kitabu changu", kitu kwanza, mwenyewe baadaye. Kiaislandi vivyo hivyo: bókin mín, kitabu changu, barnið mitt, mtoto wangu, bíllinn minn, gari langu. Unaona minn, mín, mitt? Ndiyo wangu, changu, langu yao, inafuata ngeli ya kitu kinachomilikiwa. Kwa ndugu wa damu mkia ule wa "yule" huachwa: mamma mín, bróðir minn. Tena husema hús Jóns, nyumba ya Jón, kwa mpangilio ule ule tunaoutumia sisi.

Hata hesabu zinatukumbusha nyumbani. Sisi husema watu watatu, vitabu vitatu, lakini watu sita, vitabu sita. Moja hadi tano na nane hufuata ngeli, sita, saba, tisa na kumi hazifuati. Kwao ni moja hadi nne zinazofuata: þrír hestar, farasi watatu, þrjár konur, wanawake watatu, þrjú börn, watoto watatu. Kuanzia tano ni fimm kwa wote.

HALI NNE ZA NOMINO

Hapa ndipo penye mlima, na hatutaki kumdanganya mtu. Katika Kiaislandi nomino ileile hubadilika mkia kufuatana na kazi yake katika sentensi. Kazi hizo zimegawanywa katika hali nne. Watoto wa shule wa Aislandi hujifunza kwa maneno manne mafupi yanayovuta kila hali: hér er (hapa yupo), um (kuhusu), frá (kutoka kwa), til (kwenda kwa). Tuchukue farasi:

hér er hestur
um hest
frá hesti
til hests

Mwanamke ni rahisi zaidi: hér er kona, um konu, frá konu, til konu. Mtoto: hér er barn, um barn, frá barni, til barns.

Sisi tuliopita chuo cha Biblia tulikutana na jambo hili katika Kiyunani cha Agano Jipya, ambamo "neno" ni logos, kisha logon, logou na logō. Lakini huhitaji chuo ili uelewe. Kiswahili nacho kina mkia mmoja wa namna hii: nyumba, nyumbani, shule, shuleni, kanisa, kanisani. Kile kidogo cha -ni kinaonyesha kwamba neno limepewa kazi ya mahali. Hebu fikiria lugha yenye mikia kadhaa ya namna hiyo, kila mmoja na kazi yake. Ndiyo hiyo.

Faida ya mikia ni nini? Soma sentensi hizi mbili:

Konan sá hestinn.
Hestinn sá konan.

Mtu anayesoma kwa mazoea atadhani ya kwanza mwanamke alimwona farasi, na ya pili farasi alimwona mwanamke. Sivyo. Zote mbili mwanamke ndiye aliyeona. Konan ina mkia wa mtenda, hestinn ina mkia wa mtendwa, hata ukizipanga kinyume. Kama farasi ndiye aliyeona, ingekuwa Hesturinn sá konuna. Kwa hiyo anayesikiliza Kiaislandi asikimbilie neno la kwanza. Asikilize mwisho wa neno.

Vihusishi navyo huchagua hali. Viwili vinavyotumika kila siku, í na á, huchagua mbili, kufuatana na kama mtu anakwenda au ameshafika. Ég fer í skólann, nakwenda shuleni. Ég er í skólanum, niko shuleni. Kiswahili kinaacha shuleni ileile na kuachia kitenzi kieleze. Wao wanaweka tofauti kwenye shule yenyewe.

Vitenzi pia vina hiari zao. Kuona humtaka mtendwa katika hali ya um. Kusaidia, hjálpa, huchukua hali ya frá: hjálpaðu mér, nisaidie. Sakna, kumkosa mtu kwa kumtamani, huchukua hali ya til: ég sakna þín, nakukumbuka sana. Hakuna mantiki ya kukariri hapa. Kariri sentensi nzima, na hali itakuja pamoja nayo kama mtoto mgongoni.

MAJINA YA WATU

Wengi hawajui kwamba hali hizi zinawapata hata watu. Dada akiitwa Anna, akifika huko atasikia: um Önnu, frá Önnu, til Önnu. Barua iliyotumwa kwake itasemwa kuwa ni til Önnu. Asidhani ni mtu mwingine anayeongelewa. Yule a wa mwanzo amegeuka ö kwa sababu ya u inayofuata, na mabadiliko haya yamejaa katika lugha yote: tala ni kusema, lakini við tölum ni tunasema. Nasi tuna yetu, maana ma- ikikutana na -ino ya jino hatusemi "maino", tunasema meno.

María huwa Maríu. Pétur ni um Pétur, frá Pétri, til Péturs. Majina ya kigeni mno mara nyingi huachwa kama yalivyo, kwa hiyo wenye majina ya nyumbani huenda wakasalimika.

Majina ya ukoo kwa wengi hayapo. Mtu huitwa kwa jina lake na la baba yake katika hali ile ya til, kisha -son kwa mwana wa kiume au -dóttir kwa binti. Mwana wa Jón ni Jónsson, binti ya Jón ni Jónsdóttir. Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa rais wa Aislandi kuanzia 1980 hadi 1996, ni Vigdís binti Finnbogi, na Finnbogi amekuwa Finnboga kwa sababu ya hali. Watu wa pwani wanaosema Asha binti Juma wataona hawako ugenini sana. Kaka na dada wa tumbo moja basi wana majina tofauti ya mwisho, na hakuna anayeshangaa.

Na tuwaonye mapema wazee wetu: huko kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza. Mwalimu, daktari, hata rais. Neno þú, wewe, hutumika kwa wote. Hakuna "mzee", hakuna "mama fulani", wala "mchungaji" kila baada ya neno la pili. Si dharau. Ndiyo heshima yao ilivyo.

VITENZI

Tupite haraka, kwa maana hapa hapana ugumu mkubwa. Sisi tunaweka mtenda mwanzoni mwa kitenzi: ninasema, unasema, tunasema. Wao wanaweka kiwakilishi peke yake, kisha mkia wa kitenzi hubadilika: ég tala, þú talar, hann talar, við tölum, þið talið, þeir tala. Kiwakilishi usikiache. Wakati ujao hauna alama yake ya lazima kama -ta- yetu. Husema ég fer á morgun, naenda kesho, na inatosha. Kwa jambo linaloendelea hutumia vera að: ég er að læra íslensku, ninajifunza Kiaislandi. Sentensi hii iwe ya kwanza kinywani mwako, kwa sababu Mwaislandi akisikia unakwama hugeukia Kiingereza kwa wema, na wema huo ukizidi hutajifunza.

Angalizo moja: "yeye" wetu ni wa wote. Kwao hann ni wa kiume, hún ni wa kike, na "wao" wako watatu: þeir wa kiume, þær wa kike, na þau wakichanganyika. Mume na mke ni þau.

Kitenzi hupenda kukaa nafasi ya pili. Kennarinn kemur í dag, mwalimu anakuja leo. Ukianza na leo, kitenzi kinamtangulia mwalimu: Í dag kemur kennarinn.

KWA DAKTARI

Tumeliweka hili mwisho kwa sababu ndilo tunalotaka mtu alibebe hata akiyaacha mengine. Kwa Kiingereza mtu husema "mimi ni baridi". Ukitafsiri hivyo, ég er kaldur, umesema kwamba mwili wako ukiguswa ni wa baridi, au tabia yako. Kiaislandi husema mér er kalt, yaani kwangu ni baridi. Anayeumwa hawekwi katika hali ya mtenda. Na sisi tunafahamu kwa nini! Hatusemi nimeliuma tumbo. Tunasema tumbo linaniuma, homa imenishika, usingizi umenichukua. Ugonjwa ndio unaotenda, mtu anatendwa. Basi anayefikiri kwa Kiswahili yuko karibu na ukweli kuliko anayefikiri kwa Kiingereza:

Mér er kalt: nasikia baridi.
Mér er illt í maganum: tumbo linaniuma.
Mér líður illa: sijisikii vizuri.
Ég skil ekki: sielewi.

Na saa, ndugu zangu. Wao huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi huanza na mapambazuko. Klukkan átta, ingawa átta ni nane, si saa nane. Ni saa mbili. Ukipewa miadi ya klukkan átta asubuhi ukaenda saa nane mchana, mlango utakuta umefungwa kwako. Toa sita, au jumlisha sita.

MSAADA WA KUJIFUNZA

Mwenye intaneti atafute masomo ya Icelandic Online ya Chuo Kikuu cha Aislandi, ni ya bure. Taasisi ya Árni Magnússon nayo ina hazina ya maneno kwenye intaneti, unaandika neno lolote nayo inakuonyesha mikia yake yote. Usijaribu kukariri majedwali hayo. Tumeona watu waliokariri majedwali mwezi mzima na hawawezi kuomba maji. Anza na sentensi ishirini, zijue mpaka zitoke zenyewe, halafu angalia jedwali ili uelewe kile unachokisema tayari.

Wala usishangae ukisikia neno sími. Maana yake ni simu. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote: simu yetu ilitoka Uajemi, ikiwa na maana ya waya, na sími yao ni neno lao la kale la uzi, walilolifufua chombo hicho kilipofika. Hiyo ndiyo desturi yao, kuunda maneno kutoka ghala la mababu badala ya kukopa. Kompyuta waliiita tölva, wakaunganisha neno la hesabu na neno la mwanamke mtabiri wa zamani. Lugha hiyo ilichapiwa Agano Jipya mwaka 1540 na Biblia nzima mwaka 1584, wakati nchi ikiwa chini ya mfalme wa Denmark. Kinorwe, Kiswidi na Kidenmaki, ambazo ni dada zake, zimeipoteza mikia mingi. Kwa hiyo mwenye ndugu Norway asidhani somo hili ni lake lote.

ZOEZI

1. Jaza minn, mín au mitt: systir ___, pabbi ___, húsið ___.
2. Hér er Páll. Endelea: um ___, frá ___, til ___.
3. Hestinn sá barnið na Hesturinn sá barnið: katika ipi mtoto ndiye aliyeona?
4. Miadi yako ni klukkan níu (tisa) asubuhi. Kwa Kiswahili ni saa ngapi?

Majibu: (1) mín, minn, mitt. (2) Pál, Páli, Páls. (3) Ya kwanza. Barnið haibadiliki mkia katika hali hizo mbili, lakini hestinn inakuambia kwamba farasi ndiye aliyeonwa. (4) Saa tatu.